Makadirio ya daktari yasigeuzwe hukumu ya kifo

Mwezi Julai, ukungu unaposhuka kutoka Mlima Kenya na kutanda juu ya mashamba ya kahawa ya Runyenjes, kikohozi husikika karibu katika kila boma. Ni mwezi unaoogopwa na wazee wenye mapafu mabovu. Ilikuwa Julai 2022 shangazi yangu alipopelekwa hospitalini akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kutua ili avute pumzi. Alikuwa na umri wa miaka 71. Hakuwa amevuta sigara hata siku moja maishani, lakini alikuwa amepika kwa kuni tangu utotoni, ndani ya jiko lenye dirisha dogo lisilotosha hata kupitisha mkono.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana mpole aliyezungumza Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili. Shangazi alizungumza Kiembu. Aliyekaa katikati yao akiwa mkalimani ni mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa sababu siku hiyo ndiye pekee aliyekuwa karibu. Daktari alieleza kwamba mapafu yalikuwa yameharibika sana, kwamba ugonjwa wenyewe hauponi, na kwamba huenda mgonjwa asimalize miezi sita. Kijana alitafsiri kadiri ya uwezo wake. Jioni ile, maneno yaliyofika nyumbani yalikuwa haya: "Daktari amesema hatamaliza miezi sita."

Mimi ni mwalimu wa isimu katika chuo kikuu, na kazi yangu ni kupima uzito wa maneno. Baina ya "huenda asimalize" na "hatamaliza" pana tofauti ya neno moja na viambishi viwili. Katika karatasi ya mtihani, mwanafunzi anayeikosa tofauti hiyo hupoteza alama moja au mbili. Katika boma la shangazi yangu, tofauti hiyo iligeuza makadirio kuwa hukumu.

Wanawe, ambao si watu wabaya, waliacha kumpeleka kliniki. Waliuliza, je, ya nini kugharimia dawa za mtu ambaye siku zake zimekwisha kuhesabiwa? Ng'ombe wa maziwa aliuzwa ili fedha za mazishi ziwe tayari. Mvua za Oktoba zilipokaribia, shangazi mwenyewe alikataa kupanda maharagwe, akisema kwamba hatayala. Januari ikapita, Februari ikapita. Nilipomtembelea Aprili 2023, alinishika mkono akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, nimewachosha. Nilipewa miezi sita, na huu sasa ni wa tisa." Alikuwa akiniomba radhi kwa kuwa hai.

Wasomaji wapendwa, nimeyaeleza mambo haya ya nyumbani kwetu kwa sababu naamini si ya nyumbani kwetu peke yake. Ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa hauwapati wavutaji wa tumbaku tu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zilikuwa zikipikia kuni. Moshi huo, vumbi la kazini, na makovu ambayo kifua kikuu huyaacha katika mapafu baada ya kutibiwa, vyote huchangia idadi ya wazee wanaohema usiku kucha. Familia nyingi, basi, zitafika siku moja mbele ya daktari na kuuliza swali lile lile: je, amebakisha muda gani? Maoni yangu ni kwamba swali hilo lina jibu la kisayansi, lakini jibu lenyewe halipo bila neno "huenda". Anayeliondoa neno hilo hajafupisha jibu la daktari. Ametunga jibu lingine.

Na tutazame sayansi yenyewe inasema nini. Mwaka 2004, Bartolome Celli na wenzake walichapisha kipimo kiitwacho BODE, kilichotokana na uchunguzi wa wagonjwa wa Marekani, Uhispania na Venezuela. Kipimo hicho hujumlisha mambo manne: uzito wa mgonjwa ukilinganishwa na urefu wake, kiasi ambacho njia za hewa zimeziba, ukali wa kukosa pumzi, na umbali anaoweza kutembea kwa dakika 6. Mgonjwa hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Katika kundi lililokuwa na hali mbaya zaidi, lenye alama 7 hadi 10, wagonjwa 80 katika kila 100 walikuwa wamefariki ilipotimia miezi 52. Kauli hiyo inatisha. Lakini igeuzeni: watu 20 katika kila 100 wa kundi lile lile baya walikuwa wangali hai baada ya zaidi ya miaka minne. Kipimo hakisemi shangazi yangu yumo katika fungu lipi. Kinazungumza juu ya kundi, nacho hakina ulimi wa kuzungumza juu ya mtu mmoja.

Kuhusu muda mfupi, yaani siku na majuma, kuna kipimo kingine kiitwacho DECAF, kilichochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Uingereza. Walichunguza wagonjwa 920 waliolazwa baada ya kuzidiwa ghafla, na takriban 10 katika kila 100 walifia hospitalini. Wakatafuta dalili zinazowatenganisha waliokuwa katika hatari kubwa na wengine, wakapata tano: ukali wa kukosa pumzi kabla ya kulazwa, upungufu wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu, alama za nimonia katika picha ya eksirei, damu kuwa na asidi nyingi, na moyo kupiga bila mpangilio. Ni kipimo chenye manufaa, kwa kuwa humsaidia daktari kuamua nani aangaliwe kwa karibu zaidi na nani aweza kurudi nyumbani mapema. Hata hivyo, kupima asidi ya damu kunahitaji mashine ambayo si kila hospitali ndogo inayo.

Je, hiyo miezi sita inayotajwa mara kwa mara ilitoka wapi? Ina historia yake, na historia hiyo si ya kitabibu tu. Mwaka 1982, sheria ya Marekani iliruhusu bima ya serikali ya wazee kulipia huduma za hospisi, kwa sharti kwamba madaktari wathibitishe kuwa mgonjwa anatarajiwa kuishi miezi 6 au pungufu iwapo ugonjwa utafuata mkondo wake wa kawaida. Mpaka huo uliwekwa ili kujua nani alipiwe. Watafiti walipojaribu kuona kama vigezo vilivyopendekezwa vingeweza kuwatambua wagonjwa wa mapafu, moyo na ini ambao kweli wangefariki ndani ya muda huo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba vigezo hivyo havikufaa.

Data hizo zilitoka katika uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 5 za Marekani kati ya 1989 na 1994, uitwao SUPPORT. Uchunguzi huo huo uligundua jambo ambalo kila familia yenye mgonjwa wa aina hii yapasa ilijue. Siku 5 kabla ya kufa, wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wamekwisha kukadiriwa kuwa na nafasi ndogo sana ya kuishi miezi sita. Lakini wagonjwa wa ugonjwa sugu wa mapafu, wakiwa wamebakisha siku 5 zile zile, walikadiriwa kuwa na nafasi inayozidi nusu.

Sababu ni mwendo wa ugonjwa wenyewe. Saratani, aghalabu, hushuka kama mteremko unaoonekana tangu juu. Ugonjwa sugu wa mapafu hufanana na njia za vijiji vyetu: unashuka bondeni, unapanda tena kidogo ng'ambo, kisha unashuka bonde jingine lenye kina zaidi. Kila bonde hufanana na lililotangulia. Hakuna ajuaye, akiwa chini, kama bonde hili ndilo lisilo na upande wa kupandia.

Madaktari nao ni binadamu. Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont waliwauliza madaktari 343 wa Chicago wakadirie muda uliobakia kwa wagonjwa 468 waliokuwa wakiingizwa katika hospisi, kisha wakalinganisha makadirio hayo na yaliyotokea. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000, ni asilimia 20 tu ya makadirio yaliyokuwa sahihi. Asilimia 63 yalitaja muda mrefu kuliko ilivyokuwa, na asilimia 17 muda mfupi. Naomba nieleweke: sisemi madaktari hawajui kazi yao. Nasema kwamba swali tunalowauliza lina ugumu ambao hauondolewi na shahada wala mashine.

Liko pia tatizo la lugha katika vipimo vyenyewe. Maswali ya kupima ukosefu wa pumzi yanayotumiwa duniani kote yana asili yake katika kazi ya Charles Fletcher na wenzake, waliowachunguza wachimba makaa ya mawe wa Wales katika miaka ya 1940 na 1950. Mgonjwa huulizwa kama hutembea polepole kuliko watu wa umri wake mahali palipo tambarare, na kama hulazimika kusimama baada ya takriban mita 100. Shangazi yangu alipoulizwa swali la kwanza, alimtazama mjukuu wake kwa mshangao akauliza: "Tambarare ya wapi?" Shamba lake la kahawa limelala juu ya mteremko, njia ya mtoni ni mteremko, na njia ya kanisani ni mlima. Tambarare pekee aliyoizoea ni uwanja wa shule. Jibu alilotoa hatimaye liliandikwa kama nambari, na nambari hiyo ikaingia katika hesabu ya maisha yake.

Sasa nije kwa maneno yetu wenyewe. Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo watu huvitumia hapa bila kuvitenganisha. "Kutabiri" kulitoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kufasiri ndoto. "Kubashiri" asili yake ni kuleta habari njema, na sidhani kuna aliyewahi kumwambia mgonjwa habari ya miezi sita akaiona njema. "Kukadiria" hutokana na mzizi wenye maana ya kipimo. Kwa mintarafu hii, napendekeza tuseme kwamba daktari hukadiria, wala hatabiri. Anayetabiri huonekana kuwa ameona yaliyofichika. Katika nchi za miteremko ya Mlima Kenya, mganga na mpiga ramli walikuwa mtu mmoja aitwaye mundu mugo, naye neno lake halikujadiliwa. Si ajabu kwamba mzee wa Runyenjes, akimsikia mtu wa koti jeupe akitaja miezi, husikia sauti ile ya kale. Anayekadiria, kwa upande mwingine, amepima kwa vyombo alivyo navyo na yuko tayari kupima tena.

Tena makadirio hubadilika hali inapobadilika. Mwaka 1981 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Uingereza kwa wagonjwa 87 wa mapafu waliokuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni katika damu. Waliopewa oksijeni nyumbani kwa angalau saa 15 kwa siku walikuwa 42, na katika muda wa miaka 5 walifariki 19. Wasiopewa walikuwa 45, na walifariki 30. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini waliotunzwa vingine walipata hesabu nyingine. Basi familia inayoacha matibabu kwa sababu ya makadirio huenda ikayatimiza makadirio hayo kwa mikono yake yenyewe. Shangazi yangu aliporudishwa kliniki Mei 2023 na kupewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akafundishwa kuitumia, na wanawe wakamtengenezea mahali pengine pa kupikia, alianza tena kutembea hadi langoni. Mwaka huo alipanda maharagwe.

Laiti kisa kingeishia hapo, ningekuwa nimetoa fundisho moja jepesi, kwamba madaktari wasisikilizwe. Lakini hakikuishia hapo. Juni 2024 baridi ilimpata tena, akaanza kuhema. Safari hii hakuna aliyeshtuka. "Huyo alipewa miezi sita akaishi miaka miwili," walisema jirani kwa kicheko, "hata hii ataipita." Binti yake anayeishi Mombasa aliambiwa asiharakishe. Hapana aliyemwuliza mgonjwa anataka nini akizidiwa, wala nani asimamie shamba, wala angependa kuwa wapi. Alifariki usiku wa nne. Binti alifika siku ya tano.

Kosa la kwanza lilikuwa kuligeuza neno "huenda" kuwa "lazima". Kosa la pili lilikuwa kuligeuza kuwa "kamwe". Yote mawili ni kosa moja la kukataa kuishi na jambo lisilo hakika. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kila wingu hunyesha, wala hawakusema mtu ayaone mawingu na bado aache kahawa yake uwanjani. Mkulima wa Runyenjes aambiwapo kwamba huenda mvua ikanyesha, haachi kazi zake, na pia hasahau kuanua. Ndivyo makadirio ya daktari yanavyopaswa kutumiwa: matibabu yaendelee, na matayarisho yafanywe.

Najua wako watakaosema kwamba mila zetu haziruhusu kumtajia mgonjwa kifo. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha kwamba wazee wetu ndio waliokuwa wakiwaita wana wao na kuwaachia wosia wakiwa bado na sauti. Aliyenyamaza hadi pumzi ikakatika hakuwa akifuata mila. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wako pia watakaosema kwamba daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hana nafasi ya mazungumzo marefu. Ni kweli. Lakini kumwomba mkalimani arudie alichokisikia kabla ya kuondoka hakuchukui zaidi ya dakika moja, na dakika hiyo ingewaokoa watu wa boma letu na miezi tisa ya makosa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa wahudumu wa afya. Semeni kwa hesabu ya watu, kwa mfano: katika watu kumi walio na hali kama ya mama huyu, kadhaa hawatauona mwaka ujao na kadhaa watauona, nasi hatuwezi kujua yeye yuko upande upi. Kisha ongezeni tutakayofanya kwa vyovyote vile. Huduma ya kutuliza maumivu na kufariji wagonjwa si ya saratani pekee. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na huduma za aina hiyo zimekwisha kufika Meru na Embu. Mgonjwa wa mapafu asingoje athibitishiwe tarehe ndipo apelekwe huko.

La pili ni kwa familia. Badala ya kuuliza amebakisha muda gani, ulizeni: akizidiwa usiku tufanye nini? Ni dalili zipi zikionekana tuwaite walio mbali? Na yeye mwenyewe angependa nini? Maswali haya yana majibu hata pale ambapo lile la kwanza halina.

La tatu, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwa walimu na wanafunzi. Katika wilaya zetu, mkalimani wa nyanya hospitalini ni mwanafunzi. Mwalimu wa hisabati anapofundisha uwezekano, asiishie kwenye sarafu na dadu. Aonyeshe kwamba 80 katika 100 si 100. Mwalimu wa Kiswahili naye achukue maneno "yamkini", "huenda", "aghalabu", "hapana budi", awaambie wanafunzi wayapange kwa uzito, kisha wayatafsiri katika lugha ya nyumbani bila kuuangusha uzito huo njiani. Zoezi hilo si la kupita mtihani tu. Iko siku litatumika kando ya kitanda.

Baada ya mazishi, yule mjukuu alinifuata nyuma ya nyumba akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, ni mimi niliyekosea?" Nilimjibu kwamba tuliokosea ni sisi watu wazima, tuliomtwika mtoto mzigo wa maneno ambao hakufundishwa kuubeba. Walimu wenzangu, tuwafundishe kuubeba, maana wataendelea kutwikwa.